Uzi wa Dirishani kwa Bi Swaumu

Mgeni yule hakubisha hodi getini. Alipita moja kwa moja hadi kwenye mlango wa chumba safi, kile kisichoruhusiwa vumbi, akagonga kioo kwa pete yake, na sote tuliokuwa ndani tukashtuka. Kigololi nilichokuwa nimekinyanyua kwa ncha ya ukope uliofungwa kwenye kijiti kikaanguka mezani, kikapotea.

"Usitembee, Atupele," Hajra aliniambia bila kuinua uso kwenye hadubini yake. "Na usipumue."

Sikupumua. Vigololi vyetu ni vidogo kuliko punje ya ulezi. Ni vya plastiki, ndani vitupu, na ukuta wake ni mwembamba mno hata pumzi ya mtu inavipeleka itakako. Kazi ya karakana yetu, hapa Picha ya Ndege, Kibaha, ni kuchagua kigololi kisicho na kasoro na kukining'iniza kwenye uzi wa buibui uliotandwa juu ya uma wa waya. Kikishakaa sawa tunakiita shabaha. Shabaha zinasafirishwa hadi maabara moja ng'ambo, na huko miale ya leza inazipiga kutoka pande zote kwa pamoja. Kabla jicho halijapepesa, kigololi kinajibana na kuwaka kama kipande cha jua. Wanaopiga wanatafuta namna ya kuwasha moto wa jua hapa chini, ili siku moja uwape watu umeme. Mimi naamini siku hiyo itafika. Mama yangu, aliyeko Tukuyu, nilipomweleza kwa simu alisema, "Haya. Mradi wewe usipigwe."

Tulitoka nje tukivua kofia na makoti. Silvanus, mkuu wetu, alikuwa ameshamkalisha mgeni kwenye kiti chake cha barazani. Alikuwa mama mtu mzima, amejitanda khanga mpya ambazo bado hazijafuliwa, ananukia udi, na miguu yake imejaa vumbi jekundu la safari ya bodaboda.

"Shikamoo, bibi," tulisema.

"Marahaba. Mimi Swaumu, natoka Kisarawe. Nimekuja kumfuata mdudu wangu."

"Mdudu gani, mama?" Silvanus aliuliza.

"Buibui. Jike, miguu yake ina pete za manjano. Alichukuliwa dirishani kwangu na kijana mwenye fulana iliyoandikwa mgongoni. Niliusoma ule mgongo wote, jina la karakana na mahali ilipo. Ndivyo nilivyofika."

Wote tuligeuka kumtazama Dulla. Dulla ndiye anayetutafutia buibui, hasa kwenye vichaka vya Kisarawe, na wakati ule alikuwa anaegesha pikipiki yake uani. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Maandishi yalisomeka vizuri sana.

"Huyo huyo," alisema Bi Swaumu. "Njoo hapa, baba. Siku ile ulibisha hodi?"

"Nilibisha, bibi. Mara tatu. Hakuna aliyeitika."

"Halafu ukasikia nini?"

Dulla alijikuna shingo. "Nilisikia mtu anakohoa ndani."

"Ni mimi. Nilikuwa eda, mume wangu amefariki. Nyumbani hakukuwa na mtu mwingine. Ningetoka kusemezana na mwanamume nisiyemjua? Nikakohoa. Ulipomgusa nikakohoa tena. Ulipomtia kwenye kopo nikakohoa mpaka kifua kikauma."

"Mimi nikasema shikamoo," Dulla alisema kwa sauti ndogo.

"Ulisema. Sikuitikia. Ukadhani nimekubali?"

"Nilidhani umelala, bibi."

"Mtu anakohoa vile amelala?"

Hajra alificha uso kwenye mkono wa koti. Hata Silvanus alishindwa kujizuia, akacheka, na Bi Swaumu akamgeukia.

"Na wewe unayecheka, kabila gani?"

"Mnyamwezi, mama. Wa Tabora."

Uso wa Bi Swaumu ulifunguka papo hapo. "Aaa! Kumbe nimeibiwa na watani! Mlizoea kuja pwani na mizigo ya watu kichwani, sasa mmefikia kubeba hata buibui?"

"Tulibeba sisi kwa sababu Mzaramo alikuwa ngomani," Silvanus alijibu. "Tungewangoja nyinyi mpaka ngoma iishe, mizigo ingeoza."

"Mwangalie! Na chai hii ya nani?"

"Yangu."

"Ilikuwa yako." Akachukua kikombe akanywa yote, na Silvanus akatazama tu. Mtani akikuchukulia kitu, ukinuna umeshindwa.

Alipomaliza chai, sauti yake ilishuka. Alituambia kwamba marehemu mumewe, Mzee Isihaka, hakuruhusu utando wa dirisha lile ufagiliwe. Alikuwa akisema kwamba buibui alitanda mlangoni mwa pango akamsitiri Mtume, basi mtu atakuwaje na moyo wa kumtimua nyumbani kwake? Kila buibui aliyekufa alirithiwa na mwingine, na dirisha halikuwahi kukaa tupu. Kisha Mzee Isihaka akaondoka, na Bi Swaumu akaingia eda katika chumba kile kile.

"Watu wanakuja, wanalia, wanakula, wanakwenda zao," alisema. "Aliyebaki ni yule. Jioni anatanda, alfajiri anakula utando wake. Mimi naswali, yeye anafanya kazi yake. Nikawa namwita Mwenzangu. Sasa nimetoka eda, wamenikogesha na kunivisha nguo hizi, na mwanangu Hamza ananihamishia kwake Mbagala Alhamisi. Nyumba itafungwa. Kwenda nitakwenda. Lakini sitaki kuliacha dirisha la Isihaka tupu."

Hakuna aliyecheka tena. Dulla alikuwa ameinama. Baadaye aliniambia kwamba bibi yake wa Mlandizi aliwakataza kuua buibui kwa sababu ile ile ya pango, na yeye siku zote alijitetea moyoni kwamba haui, anaazima.

Niliingia ndani nikamleta. Tulikuwa tunamwita Fundi. Buibui wengine tunaowafuga wanatoa nyuzi zenye vinundu, au nyuzi mbili zilizoshikana ambazo chini ya hadubini zinaonekana kama kamba ya ng'ombe. Uzi wa Fundi ulikuwa mwembamba na safi toka mwanzo mpaka mwisho. Tulikuwa tunamweka juu ya kijiti, tunakitikisa polepole, naye anajiachia kushuka. Uzi anaoshukia tunauzungushia kwenye uma wa waya. Alikaa kwenye fremu ya mbao yenye wavu, na Bi Swaumu alipoipokea aliipandisha hadi machoni.

"Umenenepa," alimwambia. "Wanakulisha nini hawa?"

"Nzi, bibi," nilisema. "Na mbu, wakipatikana."

"Kibaha mbu wasipatikane?"

Nilimwonyesha pia shabaha iliyokataliwa, ile tunayoitumia kufundishia, kwenye hadubini ya zamani iliyopo barazani. Nilimweleza jinsi leza zinavyoichoma. Alichukua muda kupata jicho la kutazamia. Kisha akatulia kabisa. Kigololi kilionekana kama mwezi mpevu, na uzi wa Mwenzangu umepita chini yake kama ufa wa mwanga.

"Na hiki ndicho mnachokichoma?"

"Ndicho."

"Kama pilau la shughuli," alisema. "Mtu anasimama jikoni kutwa, wageni wanalimaliza kabla jasho halijakauka." Akaonekana kuridhika na jibu lake mwenyewe.

Silvanus alimweleza ukweli wote. Sanduku la shabaha lingechukuliwa Alhamisi mchana kupelekwa uwanja wa ndege. Zilizobaki kuwekewa uzi zilikuwa chache, na buibui mmoja tu ndiye aliyekuwa akitoa uzi wa kufaa. Kisha akaninyooshea kidole. "Na ya mwisho ni ya huyu. Ya kwake ya kwanza."

"Ya kwako vipi?" Bi Swaumu aliniuliza.

Nilijaribu kumweleza. Tangu nimalize chuo na kuajiriwa hapa nilikuwa nafanya vipande vya kazi za wengine, mara gundi, mara kunyoosha waya. Hii ilikuwa yangu toka kuchagua kigololi. Kwenye ratiba yao ya kupiga, shabaha inaitwa kwa jina la aliyeitengeneza. Nilikuwa nimeshamwambia mama kwamba kuna siku huko mbali watu wataita "Atupele", wataanza kuhesabu kurudi nyuma, halafu kutawaka jua dogo.

Bi Swaumu alinitazama, akamtazama mdudu, akanirudishia fremu.

"Basi nakuazima. Mpaka Alhamisi. Lakini utamrudisha wewe, kwa mikono yako, si huyu mgongo. Gari la Hamza linaondoka adhuhuri. Kabla sijafunga dirisha nataka nimwone mahali pake."

"Naahidi, bibi."

"Nimesikia," alisema, akamwachia Silvanus namba ya simu ya Hamza, akaondoka na kipande cha mhogo wa kuchemsha kutoka kwenye sahani ya mtani wake.

*

Shabaha za wengine zilikwenda vizuri. Yangu niliifanya Jumatano. Meza yetu ni bamba la jiwe lililolazwa juu ya mipira ya ndani ya matairi ya pikipiki, lakini hata hivyo lori zito likipita barabara ya Morogoro uzi unatetemeka. Kwa hiyo tunasikiliza. Tukisikia lori tunainua mikono na kungoja, kama watu wanaoombewa. Kila mmoja wetu ana ukope wake mwenyewe aliounganisha kwenye kijiti kwa kunyanyulia vigololi. Wa Silvanus umejikunja sana, anasema ni ushahidi kwamba wazee wake walikodoa macho juani njiani kuja pwani. Wangu umenyooka vizuri. Nilikinyanyua kigololi, nikakisogeza, lori likapita, nikangoja, nikakitua. Kikakaa.

Kwetu kuna sheria moja isiyovunjwa: aliyetengeneza hakagui. Nilisimama nyuma ya Hajra, amekaa kwenye hadubini anaizungusha shabaha yangu unywele kwa unywele. Hajra ni rafiki yangu. Tunapika pamoja, tunapanga nyumba moja, ananiamsha nikichelewa. Alipoacha kuzungusha, nilijua.

"Atu."

"Niambie."

"Kuna unyuzi wa nguo. Umenasa pale penye gundi."

"Mdogo?"

"Mdogo."

"Mdogo wa kupita?"

Aliondoa mikono kwenye hadubini. "Usiniulize hivyo. Nikisema ndiyo, kesho hutaniamini, na mimi mwenyewe sitajiamini."

Alikuwa sahihi. Unyuzi ule ungefanya upande mmoja uungue kabla ya mwingine, na jua langu lingekuwa chongo. Aliposimama alinikumbatia, na mimi nikamwambia kwamba pengine ni wa kitenge chake, akasema pengine, tukacheka huku macho yetu yamelowa.

Kigololi chenyewe kilikuwa kizima. Kilichohitajika ni uzi mpya tu. Lakini Fundi alikuwa ameshiba, amejikunja pembeni mwa fremu, na tulipotikisa kijiti aling'ang'ania bila kushuka. Alhamisi asubuhi ilikuwa vile vile.

"Mwache chumba kipate joto," Silvanus alisema. "Siku zote hushuka jua likiwa la utosi."

Jua la utosi ndiyo adhuhuri. Nilitazama saa, nikatazama fremu. Silvanus alitoa simu akampigia Hamza, akaiweka sauti ya juu ili sote tusikie. Alimweleza kwa adabu kwamba tunaomba tuchelewe hadi alasiri.

"Buibui?" Hamza alicheka, si kwa ubaya, ni kicheko cha mtu aliyechoka kufunga mizigo. "Jamani, mnamwendekeza mama. Kaeni naye huyo mdudu. Mimi gari nimelikodi, siwezi kungoja. Mama atasahau."

Kwa mbali, ndani ya simu, tukamsikia Bi Swaumu. "Nani huyo, Hamza? Ni wale wa Kibaha?"

"Hapana, mama. Wamekosea namba."

Simu ikakatwa. Lori likapita, na kwa mazoea sote tukainua mikono.

"Umesikia," Silvanus alisema. "Mwenye gari ameruhusu."

"Sikumwahidi mwenye gari."

"Atupele, sanduku litaondoka na pengo."

"Najua."

"Awamu nyingine ni mwakani."

"Najua, mkuu."

Alikaa kwenye kiti, akavua kofia yake ya kazini, akaikunja, akaikunjua. Silvanus ndiye aliyenichukua kazini wakati ofisi nyingine zilikuwa zikiniuliza uzoefu. Ile nafasi ya shabaha yangu aliiombea yeye kwa wale wa ng'ambo. Sikupenda kumwona hivyo.

"Kama mkuu wako, nakukataza," alisema mwishowe. "Kama mtani wa yule mama, sina la kusema. Na leo asubuhi naona mimi ni mtani zaidi." Akapaza sauti kuelekea uani. "Dulla! Washa pikipiki!"

Nilikuwa nimeshapanda nyuma, fremu ya Fundi imefunikwa kwa koti langu, Silvanus alipotoka mbio na pakiti ya sukari. "Mpe. Mwambie nimechoka kunywewa chai, sasa na achemshe yake."

*

Tulipita njia ya Kiluvya. Dulla, ambaye huendesha kama anafukuzwa, siku ile alikwepa kila shimo kama aliyebeba mayai. Tulipoanza kuviona vilima vya Kisarawe, aliniuliza.

"Atu, akikataa kuniona je?"

"Utakaa kwenye pikipiki."

"Nitakaa," alisema.

Gari lilikuwa limeshapakiwa. Godoro lilikuwa juu, masufuria yamefungwa kwa khanga kuukuu, na Hamza yuko kwenye usukani, injini inaunguruma. Bi Swaumu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango, mkoba mapajani.

"Nilimwambia yule binti hajafika," alisema kwa sauti ya kumsikilizisha mwanawe. "Aliniambia mmekosea namba."

Hamza alizima injini. Aliteremka, akanitazama, akaitazama fremu, na aibu yake ilikuwa ya kweli. "Karibu, dada," alisema. Alinipeleka nyuma ya nyumba, akanisogezea kigoda nipande dirishani.

Dirisha lilikuwa la mbao, upande wa nyuma ya nyumba, na pembeni ya fremu yake kulikuwa bado na vipande vya utando wa zamani. Niliondoa wavu nikaegemeza fremu yangu pale. Fundi hakusogea. Bi Swaumu alisimama karibu yangu, nikasikia pumzi yake, na nikatamani kumwambia asipumue, kwa mazoea tu. Kisha mguu mmoja wenye pete za manjano ukanyooka, ukagusa mbao, ukarudi, ukagusa tena. Akavuka. Alipanda taratibu hadi pembe ya juu, akageuka, akatulia kama mtu aliyefika kitandani kwake.

Halafu akajiachia. Jua lilikuwa la utosi, na alishuka mbele ya macho yangu kwa uzi mmoja mrefu, safi kuliko wowote nilioupata kwake. Sikuwa na uma wa waya. Hata ningekuwa nao, kule Picha ya Ndege wakati huo walikuwa wanafunga sanduku. Nilisimama juu ya kigoda nikautazama uking'aa, mikono yangu ikiwa mitupu.

"Kazi yako umeimaliza?" Bi Swaumu aliuliza.

"Bado, bibi."

"Utaimaliza lini?"

"Mwakani."

Aliutazama ule uzi, akaitazama mikono yangu, na nadhani alielewa, kwa sababu alinishika kiganja akakifumba ndani ya vyake viwili. "Ungesema," alinong'ona.

"Uliniazima mpaka leo."

Nilimpa sukari na maneno ya mtani wake, akacheka na kujifuta machozi kwa ncha ya khanga. Kisha akaingia ndani, akapita vyumba vilivyobaki vitupu mpaka kile cha eda, na tukasikia nyayo zake zikisimama upande wa pili wa dirisha. Alitaka kumwona kutoka pale alipokuwa akimwona siku zote.

Nilishuka kwenye kigoda. Dulla alikuwa ameacha pikipiki, amesogea hadi kwenye kona ya ukuta, kofia ya pikipiki kifuani, macho yake juu kwenye utando.

Ndani, Bi Swaumu akakohoa.

Dulla alishtuka. Alinitazama kana kwamba naweza kumsaidia. Nikamwonyesha dirisha kwa kidevu.

"Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba, baba," sauti ilimjibu kutoka ndani. "Na ile ya siku ile pia, marahaba."